Eksteno ya TB 1 haisomi: taa inawaka, Windows inadai niifomati, picha zote ziko ndani

Mpigapicha_Rau (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Eksteno ndogo ya inchi 2.5, TB 1, NTFS (mfumo wa faili wa Windows), ina kama GB 640 za picha: NEF na CR2 (picha ghafi za kamera) na JPG. Nikichomeka, taa inawaka na diski inazunguka, ukiishika unaihisi. Baada ya nusu dakika hivi Windows 10 inalia ile sauti ya kifaa kuingia, herufi E: inatokea lakini bila ule mstari wa ukubwa. Nikibofya inaganda, kisha linakuja dirisha la kutaka niifomati. Nimebonyeza Cancel. Kwenye laptopu nyingine kuna wakati haitokei kabisa. Haijaanguka, kebo ni ileile iliyokuja nayo. Nianzie wapi?

Fundi_Kaloleni (Arusha)
Pole sana mkuu. Hapo kwenye Cancel umejiokoa. Kuanzia sasa isiandikwe hata baiti moja juu ya hiyo diski: usifomati, usibonyeze Initialize, usiendeshe chkdsk (kikaguzi cha diski cha Windows), na faili utakazookoa zisirudi humohumo. Pia usiiache imechomekwa bila kazi. Wewe unakunywa chai, Windows inaendelea kuing'ang'ania sekta (kipande kidogo cha diski) ileile mbovu kimyakimya.

"Haisomi" ni jina moja la magonjwa manne: umeme na kebo, bodi ya USB, mfumo wa faili uliovurugika, na sahani zinazobeba data au vichwa vinavyozisoma. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine, kwa hiyo tupime kwanza.

Anza na sikio. Weka eksteno mezani, chomeka, sikiliza sekunde kumi. Mvumo laini usiokatika ni dalili njema. Ikipiga tik, tik, tik kwa mpigo mmoja kisha ikatulia, vichwa vina shida: chomoa, usijaribu tena. Ikitoa mlio mwembamba kama bip na haizunguki, vichwa vimenata kwenye sahani au mota imekwama: chomoa vilevile. Taa isikudanganye, taa huwaka hata kama sahani haijasogea.

Kisha kebo. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1, wakati tundu la USB 2.0 limeahidi 500 mA tu na la 3.0 ni 900 mA. Kebo ndefu nyembamba inakula volti njiani. Ukiwa na multimita, pima zile volti 5 wakati diski inaamka. Zikishuka chini ya 4.5, diski inaanguka na kuanza upya, nawe unadhani imekufa. Tumia kebo fupi, tundu la bluu la laptopu moja kwa moja, bila habu. Kwenye desktopu tumia matundu ya nyuma.

Mwisho, bonyeza Windows+R, andika diskmgmt.msc (ndiyo Disk Management), utuambie unaona nini. Usibofye kitu humo.

Chalii_Sakina (Arusha)
Mnamzungusha bure. Endesha chkdsk E: /f /r, dakika kumi imerudi. Ikigoma ifunge kwenye nailoni, weka friza usiku mmoja, asubuhi inasoma.

Dada_Data (Arusha, Njiro)
Chalii, yote mawili hapana.

chkdsk kazi yake ni kuufanya mfumo wa faili ulingane na nafsi yake, siyo kuokoa faili. Ikikuta ingizo lisilosomeka, inalifuta. Vipande visivyo na mwenyewe inavitupa kwenye folda ya FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Kwenye diski nzima iliyochomolewa vibaya, sawa. Kwenye diski yenye sekta zinazokufa, /r inaisomesha diski nzima huku ikiandika juu yake. Na kama ugawaji (partition) umeshaonekana RAW, yaani Windows haiutambui mfumo wa faili, chkdsk yenyewe itakataa.

Friza ndiyo mbaya zaidi. Hadi diski (hard disk) ya kawaida haijazibwa kabisa, ina tundu dogo la kupumulia lenye chujio. Ukiitoa kwenye baridi ukaiweka kwenye hewa ya Moshi mwezi wa pili, unyevu unaganda kama umande juu ya sahani, na vichwa vinapita juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Jaza mwenyewe.

Mpigapicha_Rau
Nimefanya. Mvumo ni laini, hakuna tik wala bip. Nimebadili kebo, nikachomeka tundu la bluu: hali ileile, ila sasa inatokea kila mara. Disk Management inaonyesha 931.51 GB, imeandikwa RAW. Nimefungua pia CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ina rangi ya njano. Vipimo vyake: 05 ni 0, C5 ni 138, C6 ni 0, C7 ni 0.

Bodi_Majengo (Moshi)
C7 ikiwa sifuri kebo ni nzima, hapo ondoa wasiwasi mangi.

Fundi_Kaloleni
Siyo hivyo, Bodi. C7 inahesabu makosa kati ya hadi diski na bodi inayoibadilisha kuwa USB, ndani ya kasha. Kebo ya USB iko nje ya hesabu hiyo. Unaweza kuwa na kebo iliyokatika nusu na C7 ikabaki sifuri. Kwake kebo ilichangia (ndiyo maana sasa inatokea kila mara), ila haikuwa peke yake.

Mpigapicha, ile 138 si mia moja thelathini na nane. CrystalDiskInfo kwa kawaida huandika thamani ghafi kwa hesabu ya kumi na sita. 138 hapo ni 256 + 48 + 8, yaani 312. Ukitaka namba za kawaida ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC]. Na 312 ni 39 mara 8, inaleta maana: sekta halisi ya diski hizi ni baiti 4096, lakini kwa nje inajitangaza ya 512, hivyo kila jeraha moja mara nyingi huhesabiwa nane.

C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Baadhi zimeangukia mahali Windows inapohitaji ili kuutambua mfumo wa faili, ndiyo RAW hiyo. Picha zenyewe kwa sehemu kubwa hazijaguswa.

Kazi iliyobaki ni moja: nakala ya sekta kwa sekta (tuiite imeji isichanganywe na picha zako), kwanza, kabla ya programu yoyote ya kuokoa.

Bodi_Majengo
Nimeelewa kuhusu C7. Lakini kwa nini asiendeshe tu programu ya kurejesha faili moja kwa moja? Inasoma tu, haiandiki.

Dada_Data
Inasoma, ila inasoma kwa kurukaruka: jedwali la faili huku, faili kule, inarudi tena kwenye jedwali. Ikigonga sekta mbovu inagoma hapo, diski inajaribu na kujaribu, sekunde nyingi kwa sekta moja. Kwenye diski inayokufa huko ni kuitumia pumzi ya mwisho kwenye kipande kibaya. ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, inaenda kinyume: inachukua kwanza kila kilicho rahisi, inaruka palipo na taabu, inapaandika kwenye ramani na kuparudia mwishoni. Diski ikifa katikati, umeshabeba sehemu kubwa.

Mpigapicha, unahitaji diski ya pili ya TB 2. TB 1 haitoshi, kwa sababu imeji ya TB 1 haiingii kwenye diski ya TB 1 iliyokwisha fomatiwa. Ifomati NTFS au ext4 (ya Linux), siyo FAT32, hiyo inagomea faili la zaidi ya GB 4. Unahitaji pia flashi ya GB 8 yenye Ubuntu (mfumo wa Linux) ya kuwashia.

Washa laptopu kwa flashi, chagua kujaribu bila kuinstoli. Kabla ya kuchomeka eksteno mbovu, zuia Ubuntu isiifungue yenyewe:

`gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false`

Weka programu:

`sudo add-apt-repository universe`
`sudo apt install gddrescue`

Jina la kifurushi lina g mbele, amri yenyewe haina. Sasa chomeka diski zote mbili. Ile nzima ifungue kwa kuibofya kwenye Files. Kisha:

`lsblk -o NAME,SIZE,LOG-SEC,MODEL`
`ls -l /dev/disk/by-id/`

Hapa ndipo watu wanaua data zao wenyewe. Soma ukubwa na modeli mara mbili, hakikisha ipi ni mgonjwa. Chukua jina lake la by-id linaloanza na usb-, lisiloishia na part1. Usitumie jina fupi kama sdb, kwa sababu diski ikikatika na kurudi inaweza kuwa sdc, amri ikaelekea pabaya.

Mzunguko wa kwanza (JINA ni lile la by-id, KUBWA ni jina la diski ya TB 2):

`sudo ddrescue -d -n /dev/disk/by-id/usb-JINA /media/ubuntu/KUBWA/rau.img /media/ubuntu/KUBWA/rau.map`

-n inaiambia isichokonoe palipo pabaya kwa sasa. Kama LOG-SEC imeonyesha 4096 badala ya 512, ongeza -b 4096. Faili la .map likae kwenye ile diski ya TB 2, kamwe lisikae Desktop ya Ubuntu ya flashi: hiyo Desktop ni RAM tupu, umeme ukikatika na betri ikiisha, ramani imekwenda. Ukiwa na ramani, amri ileile inaendelea ilipoishia.

Kwa USB 3.0 diski nzima kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni kama saa tatu. Kwa 2.0, kama MB 35, ni saa nane. Yako itazidi hapo.

Mzunguko wa pili, amri ileile lakini ondoa -n, weka -r3. Hiyo inarudia palipobaki mara tatu.

Steshenari_Kiboriloni (Moshi)
Naomba kudandia uzi. Flashi na eksteno za wateja zinafunguka vizuri, ukubwa unaonyesha umejaa, ila ndani kuna shotikati tupu. Ni ugonjwa huu huu?

Fundi_Kaloleni
Huo ni kirusi cha shotikati, hauhusiani. Faili zipo, zimefichwa tu. Usibofye shotikati yoyote. Safisha kwanza kompyuta, la sivyo itaambukiza tena, kisha fungua cmd kama msimamizi:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Badili E kuwa herufi yako. Angalia folda isiyo na jina, mara nyingi kirusi kinasukumia vyote humo. Nakili vyako, futa .lnk zote.

Mpigapicha_Rau
Dada_Data, imefika 41% vizuri, MB 90 kwa sekunde, kisha ghafla kasi ikawa sifuri na idadi ya makosa ikaanza kupaa kama maji. Nimebonyeza Ctrl+C. Diski imekufa?

Dada_Data
Haijafa, imekatika kwenye USB. Makosa ya kweli huja pole pole, kila moja linachukua sekunde kadhaa. Yakija mamia kwa sekunde maana yake hakuna diski upande wa pili, ddrescue inasoma hewa. Andika `sudo dmesg | tail`, utaona "USB disconnect".

Chomoa, iache ipoe dakika ishirini. Isilale juu ya kitambaa wala juu ya laptopu. Isimamishe ubavu mbele ya feni ndogo. Chomeka, hakikisha jina la by-id limerudi, endelea na amri ileile ukiongeza -A mara hii tu. -A inafuta kwenye ramani zile lawama za uongo, ili maeneo hayo yasomwe upya. Ikikatika tena pale pale, ongeza -R, isome kutoka mwisho kurudi nyuma, ulifikie lile eneo bovu kwa upande wa pili.

Bodi_Majengo
Kuna jambo dogo la kumsaidia kama muunganiko wenyewe ndio unayumba. Tundu la eksteno nyingi, lile pana lenye kiuno, lina sehemu mbili: pana ni micro USB ya zamani, nyembamba ya pembeni ni nyaya za ziada za 3.0. Kebo ya simu ya zamani ya micro USB inaingia kwenye ile sehemu pana na inafanya kazi kwa kasi ya 2.0. Iwe kebo ya data, siyo zile za kuchajia tu. Ikitulia hapo, shida iko kwenye nyaya za 3.0 au lehemu ya tundu. Saa nane za polepole ni bora kuliko kukatika kila baada ya dakika kumi.

Mpigapicha_Rau
Nimeweka kebo ya simu. Imetulia, MB 33 kwa sekunde. Naiacha usiku.

Kaka_Mlima (Moshi)
Wakati tunasubiri: wageni wanapenda kubeba eksteno mlimani wahamishie picha za kamera kila jioni. Kuna madhara?

Fundi_Kaloleni
Yapo. Vichwa vya hadi diski vinaelea juu ya hewa inayozungushwa na sahani zenyewe. Hewa ikiwa nyepesi vinashuka. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kuitumia karibu mita 3,000. Kambi ya Mandara (Kilimanjaro) ni mita 2,720, bado uko ndani. Horombo ni 3,720, umeshapita. Kuibeba ikiwa imezimwa hakuna neno, kikomo cha kuihifadhi ni mita 12,000. Juu ya Mandara tumia SSD (diski isiyozunguka) au kadi za ziada. Na ukishuka nayo ikiwa ya baridi, iache ndani ya begi hadi ipate joto la chumba ndipo uichomeke, kwa sababu ileile ya umande. Wa safari nao wasihamishe picha gari likiwa kwenye barabara ya matuta. Diski iliyozimwa inavumilia mtikisiko mkubwa, inayozunguka haivumilii.

Chalii_Sakina
Sawa, friza nimeifuta. Lakini kwa nini asipasue kasha, atoe diski, aichomeke kwenye SATA (kiunganishi cha diski) ndani ya desktopu? Hapo USB imetoka kwenye hesabu.

Bodi_Majengo
Wazo si baya, linategemea umekuta nini ndani. Kuna kasha zenye hadi diski ya kawaida ya SATA na kibodi kidogo cha kuibadilisha; hicho kikifa unabadili tu. Lakini WD My Passport nyingi na Toshiba Canvio nyingi tundu la USB limelehemiwa kwenye bodi ya diski yenyewe, hakuna SATA ya kuchomeka. Tena My Passport nyingi zinasimba data kwenye bodi hata kama mwenyewe hajaweka nywila, kwa hiyo hata fundi akipata njia ya SATA anakuta takataka hadi aifumbue. Na kuazima bodi ya diski nyingine ya modeli ileile haitoshi: kuna chipu ndogo ya miguu minane yenye vipimo vya vichwa vya diski hiyo tu, lazima uihamishie kwenye bodi mpya.

Kwa zile kubwa za inchi 3.5 zenye adapta ya volti 12: mtu akichomeka chaja ya laptopu ya volti 19 kwa bahati mbaya, mara nyingi kinachokufa ni dayodi ya ulinzi karibu na mlango wa umeme. Pima kwa multimita, ikiwa imepiga shoti na njia nyingine ni nzima, itoe, diski huamka. Ila sasa haina ulinzi, chomeka adapta sahihi, nakili, istaafishe.

Kifuniko cha diski yenyewe, kile cha skrubu za nyota, hakifunguliwi nyumbani. Ukisikia zile tik, muulize fundi maswali mawili tu: unaifungulia kwenye chumba gani, na una diski pacha ya kutolea vichwa? Akikwepa, chukua mzigo wako. Ukiituma Dar kwa basi, izungushie sponji sentimita tano kila upande, isikae chini ya masanduku kwenye buti.

Mpigapicha_Rau
Imemaliza mizunguko yote miwili. Inaandika 99.99%, zimebaki MB 2.3 zilizoshindikana. Nifanyeje sasa?

Dada_Data
Safi sana. Chomoa mgonjwa, weka kando. Kuanzia hapa tunafanya kazi na imeji peke yake.

Kwanza tia alama pale palipo na mashimo, ili ujue faili zipi zimeumia. Bila hivyo mashimo ni sifuri tupu, picha inafunguka huku nusu ni kijivu, unagundua mteja ameshalipia.

`printf "SEKTABOVU " > alama.txt`
`ddrescue --fill-mode=- alama.txt rau.img rau.map`

Kisha fungua imeji kwa kusoma tu:

`sudo losetup -Pr --find --show rau.img`
`sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt`

Amri ya kwanza itakutajia namba ya loop, huenda isiwe 0. Ikifunguka, nakili zote kwenda diski nyingine, kisha:

`grep -rl "SEKTABOVU" /mnt`

Hiyo itakutajia majina ya majeruhi. Isipofunguka, endesha testdisk (programu ya kutengeneza ugawaji) juu ya rau.img, chagua Advanced, Boot, linganisha na nakala ya akiba ya sekta ya kuwashia ambayo NTFS huiweka mwisho wa ugawaji. PhotoRec iwe ya mwisho kabisa: inachimbua picha kwa sura zake, majina na folda zote zinapotea.

Mpigapicha_Rau
Haikufunguka mwanzoni. TestDisk ilikuta sekta ya kuwashia ni mbovu na ile ya akiba ni nzima, nikachagua Backup BS, ikafunguka. Folda zote zipo na majina yake! grep imetaja faili 11: JPG nne na NEF saba.

Fundi_Kaloleni
Zile NEF saba usizitupe. Ndani ya NEF kuna JPG kamili ambayo kamera iliiweka kwa ajili ya kioo chake. Kama shimo limeangukia upande wa data ghafi, JPG imepona, itoe kwa programu ya exiftool:

`exiftool -b -JpgFromRaw -w _ndani.jpg *.NEF`

Kwa CR2 badili JpgFromRaw iwe PreviewImage.

Mpigapicha_Rau
NEF tano zimetoa JPG nzima, mbili zimekatika katikati. JPG nne zile, tatu zina ukanda wa kijivu chini, moja haifunguki.

Dada_Data
Kwa hizo sita zilizobaki tafuta kadi ya kamera iliyozipiga. Kama hukuitumia sana baada ya hapo, kufomati ndani ya kamera mara nyingi kunaandika upya jedwali tu. Isukume kufuli ya pembeni ya kadi, usiirudishe kwenye kamera, itolee imeji kwanza kama ulivyofanya kwa diski, ndipo uipitishie PhotoRec. Hapo sasa inafaa, kwani majina ya DSC_ hayana cha kupoteza.